Shikamoo Isiyo Yako: Mwongozo kwa Mzungu Anayetaka Kusimama Nasi Dhidi ya Ubaguzi wa Rangi

Mlinzi wa pale tunapofundishia Kiswahili, Moshi mjini, alikuwa amevuka miaka sitini na ana wajukuu. Asubuhi moja alimfungulia geti mwanafunzi wangu wa miaka 24, kijana mweupe aliyekuwa na wiki tatu tu nchini. Akavua kofia, akasema, "Shikamoo, bosi." Kijana akaitikia kwa matamshi safi kabisa: "Marahaba."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yao. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba shikamoo huitikiwa marahaba, na somo alilishika vizuri. Lakini kwa salamu ile mzee wa umri wa babu yake alikuwa ameshika miguu ya mtoto, na mtoto akaipokea heshima ile kama mtu anayepokea chenji dukani. Hakuna aliyeshtuka. Hata vijana wa bodaboda waliokaa nje ya geti hawakugeuza shingo.

Shikamoo ile ndiyo ninayoiita upendeleo wa weupe. Kijana hakuiomba, hakuinunua, wala hakujua kwamba amepewa kitu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu kama yeye: mzungu anayeishi nasi, aliyejifunza Kiswahili kiasi cha kusoma mpaka hapa, na ambaye, kama wengi wa wanafunzi wangu kwa miaka kumi na saba, ameniuliza, "Mwalimu, mimi nifanye nini?" Ninyi mnaoishi au kufanya kazi naye, someni pia. Sehemu yenu iko mwishoni.

Tuelewane kwanza

Neno upendeleo huwachoma wengi. Mwanafunzi mmoja aliniambia mama yake alifanya usafi hospitalini miaka thelathini, sasa upendeleo wake uko wapi? Nilimwelewa. Tabu ya mama yake ni ya kweli na hakuna anayeipunguza. Ninachozungumzia ni kitu kingine: dhamana ambayo rangi yako inakuwekea kabla hujafungua mdomo. Ukiingia hoteli kubwa kutafuta choo, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Mimi nikiingia, hata nikiwa na gauni langu la kanisani, nitasikia, "Dada, nikusaidie?" na maana yake naijua: umefuata nini hapa?

Jambo hili haliko kwetu tu. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti wao uliofanyika Boston na Chicago, Marekani. Walituma maombi ya kazi karibu 5,000 kwa waajiri. Sifa zilifanana, tofauti ilikuwa majina. Mengine yalisikika ya kizungu, kama Emily na Greg, mengine yalisikika ya Wamarekani Weusi, kama Lakisha na Jamal. Wenye majina ya kizungu waliitwa kwa asilimia 50 zaidi, na hakuna mwajiri aliyekuwa amemwona mtu kwa macho.

Kule weusi ni wachache. Huku kwetu ndio wengi, ndio wenye serikali, ndio wanaoshika funguo za geti, na geti linafunguka vilevile. Ukitaka kusaidia, anza kwa kuelewa kwa nini.

Hatua ya kwanza: jifunze nani alilijenga geti

Soma historia ya mahali unapoishi. Achana kwanza na historia ya Afrika nzima; anza na mtaa wako. Arusha na Dodoma mpaka leo kuna sehemu zinazoitwa Uzunguni. Mji wa kikoloni ulipangwa kwa rangi: viwanja vikubwa vyenye miti na upepo vilikuwa vya Wazungu, Uhindini palikuwa na maduka, na Mwafrika alipewa kilichobaki. Dar es Salaam, Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road mwaka 1897, palepale ufukweni, kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikwenda hospitali ya Sewa Haji, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara mwenye jina hilo. Leo Ocean Road ni taasisi ya saratani na inamtibu kila mtu. Ukipita pale ukasikia ule upepo wa bahari, kumbuka tu alikuwa amepangiwa nani.

Kenya, kuanzia miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi zake, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Huku kwetu kaskazini, mwaka 1951, Wameru takriban 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa, ardhi wapewe walowezi wachache. Mwaka uliofuata Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi New York kulifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa. Waliokuwa watoto wakati ule, wengine bado wapo. Ukibahatika kukaa na mmoja wao, sikiliza. Simu iache mfukoni.

Halafu kuna mshahara, na hapa naomba utulie kidogo. Mwaka 1948 tume iliyoongozwa na Holmes ilitoa ripoti juu ya utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki. Ilipendekeza kwamba Mwafrika mwenye sifa na kazi ileile alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Yaani penye shilingi 100 za Mzungu, 60 za Mwafrika. Mwaka 1954 tume nyingine, ya Lidbury, ikasema utumishi usiangalie tena rangi, lakini ikaweka nyongeza maalumu ya kuwavutia wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Rangi ikafutwa kwenye karatasi, nafasi yake ikachukuliwa na mahali mtu alikotoka. Weka jambo hili akilini. Tutalirudia tukifika kazini.

Ukishayajua haya utamwelewa mlinzi wetu. Baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la mlowezi. Alimfundisha mwanawe kwamba mzungu husalimiwa kwanza, kofia mkononi, kwa sababu asiyefanya hivyo alichapwa au alipoteza kazi. Mzee wetu aliirithi salamu, na kijana wangu aliirithi haki ya kuiitikia, na wote wawili hawakuwa wamezaliwa mambo hayo yalipoanza.

Hatua ya pili: daftari la wiki mbili

Nunua daftari dogo la shule. Gawa kila ukurasa safu tatu: mahali, nilichopewa, nani alikosa. Andika kila jioni kwa siku kumi na nne. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo kazi yenyewe. Ukiiacha wazi, daftari linageuka kuwa orodha ya bahati zako.

Haya ni ya mwanafunzi mmoja aliyenipa ruhusa ya kuyaeleza. Jumanne, benki: nimeitwa mbele, watu tisa walikuwa kwenye benchi. Jumatano, daladala: konda amemwinua mama mwenye ndoo ya ndizi ili nikae kiti cha mbele; mama amesimama mpaka Himo. Alhamisi, trafiki wamesimamisha gari letu: dereva ameshushwa na kuulizwa maswali, mimi nimeambiwa "karibu Tanzania". Ijumaa, mkutano wa kijiji: nimekaa meza kuu. Sina cheo chochote. Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama alikaa kwenye nyasi.

Utaniambia, "Lakini Mwalimu, sokoni mimi ndiye ninayeongezewa bei." Ni kweli, bei ya mzungu ipo, na inaudhi. Iandike nayo. Mwisho wa wiki ya pili jumlisha: umezidishiwa shilingi ngapi kwenye nyanya, na umepewa nini benki, barabarani, mkutanini? Sijaona daftari ambalo nyanya zilishinda.

Ukurasa mmoja uweke kwa ajili ya pasipoti. Wazungu wengi huomba viza ya utalii ya Tanzania kwa mtandao, kwa dola 50, na mambo yameisha. Sasa mwombe mwenzako Mtanzania akueleze safari yake ya kuomba viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya: taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, uthibitisho kwamba atarudi, bima ya angalau yuro 30,000, na ada ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90. Akinyimwa, ada hairudi. Andika hayo yote kwa mkono wako mwenyewe, maana mkono hukumbuka kuliko jicho.

Hatua ya tatu: kiri kwa maneno machache

Hapa wengi wenye nia njema hupotea. Mwanafunzi mmoja, baada ya somo la historia, alilia darasani akiomba msamaha kwa yote waliyofanya wazungu. Alikuwa mkweli. Lakini mpishi wetu alisikia kilio, akaacha ugali jikoni, akaja kumbembeleza: "Pole mwanangu, si kosa lako, usilie." Ugali ukaungua. Mjukuu wa waliochapwa alikuwa amefuta machozi ya mjukuu wa waliochapa, na siku hiyo tulichelewa kula. Sikumlaumu msichana yule. Nilimwambia jioni kwamba machozi ni yake na ana haki nayo, ila ayapeleke kwa wazungu wenzake kwanza, au kwenye daftari lake. Asituongezee kazi ya kumtuliza.

Kukiri kunatosha kwa sentensi moja, palepale jambo linapotokea, kisha unatenda. "Nimepitishwa mbele kwa sababu ni mzungu, si haki, narudi nyuma." "Wazo hili lilikuwa la dada Neema, ameshalisema tangu mwanzo." "Sikujua. Asante kwa kuniambia." Usianze na "Najua mimi ni mzungu, lakini..." Sote tunaona. Usimwombe Mwafrika aliye karibu akuambie kwamba wewe ni tofauti na wengine. Na usiseme huoni rangi. Umeandika daftari la wiki mbili, umeiona.

Yule kijana wa marahaba, baada ya kuzungumza naye, aliniuliza kama aende kumwomba mzee msamaha. Nikamwambia hapana, kesho yake amuwahi salamu. Akaanza kufika getini akisema, "Shikamoo, baba," kabla mzee hajavua kofia. Siku za mwanzo mzee alitahayari: "Aa, bosi, usinifanyie hivyo." Kijana akaendelea, kila asubuhi, bila hotuba. Ilichukua karibu wiki tatu. Asubuhi moja nikasikia kutoka dirishani, "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Tangu hapo mzee alimwita kwa jina lake, na siku kijana alipochelewa alikaripiwa kama tunavyowakaripia vijana wetu.

Hatua ya nne: rudisha nafasi, bila kumwaibisha mtu

Ukiitwa mbele ya foleni kwenye zahanati, benki au dirisha la tiketi, sema kwa utulivu, kwa sauti inayosikika na wachache tu: "Asante, lakini mama huyu alitangulia." Kisha rudi ukasimame. Ukibaki pale mbele ukijadiliana haki, umeshachukua muda wa wote.

Mfikirie pia aliyekuita. Nesi aliyekupitisha huenda aliwahi kukaripiwa na mkubwa wake kwa kumchelewesha mgeni. Mlinzi aliyemhoji rafiki yako Mwafrika na kukuacha wewe upite anatii agizo ambalo hakuliandika. Ukimfokea mbele ya watu ili uonekane mtetezi, umemuumiza mnyonge kwa jina la haki. Maneno yako ya ukali yapeleke kwa mwenye mamlaka: meneja, mganga mkuu, mwenye hoteli. Kwake sema wazi: "Nimeona wageni weupe hawakaguliwi mifuko na wenyeji wanakaguliwa. Naomba nasi tukaguliwe." Ukiwa mteja, uzito wa sauti yako ni wa kweli, na hapa ndipo mahali pa kuutumia.

Getini, ukiwa na mwenzako Mwafrika, tembea nyuma yake. Akiulizwa anakwenda wapi, mwache ajibu. Usimjibie kana kwamba wewe ndiye mdhamini wake. Akizuiwa na wewe ukaruhusiwa, usiingie. Simama naye nje mpaka mambo yaeleweke. Wengi huingia "kwenda kuzungumza na bosi", na mwenzao anabaki juani. Baki naye juani.

Hatua ya tano: kazini, kwenye karatasi

Ningekuwa na nafasi ya kukufundisha hatua moja tu, ingekuwa hii. Salamu na foleni ni mambo ya heshima, na heshima tunaihitaji. Lakini upendeleo mkubwa uko ndani ya faili za mkataba, na mashirika yenye maneno mazuri kuhusu usawa ukutani mara nyingi ndiyo yenye faili zinazofichwa zaidi.

Anza na mshahara. Niliwahi kufanya kazi katika mradi mmoja wa elimu, nikiwa na shahada na uzoefu wa miaka tisa. Akaja kijana kutoka Ulaya, ameajiriwa kunisaidia. Nilimfundisha lugha, nikampeleka kwa maofisa elimu wa wilaya, nikamwonyesha namna ya kuandika bajeti inayokubalika. Siku moja alisahau karatasi kwenye mashine ya kunakili. Kodi yake ya nyumba, iliyolipwa na mradi, ilikuwa kubwa kuliko mshahara wangu wote. Niliigeuza karatasi kifudifudi nikaipeleka mezani kwake. Hatukuwahi kulizungumza. Sikuwa na ujasiri, na yeye hakuniuliza kamwe mimi nalipwa kiasi gani.

Basi wewe uliza. Waulize rasilimali watu, kwa maandishi, mambo matatu: ngazi za mishahara zimepangwaje, kwa nini aliyeajiriwa kutoka nje ana nyumba, gari na nauli za likizo na mwenyeji wa cheo hichohicho hana, na nani aliamua. Utajibiwa kwamba ndivyo soko lilivyo, kwamba bila nyongeza wataalamu hawatakuja. Ndilo jibu la mwaka 1954. Waeleze hivyo. Kisha taja mshahara wako kwa wenzako wenyeji wakiridhia kuusikia, maana siri ndiyo ukuta. Ukipewa nafasi ya kujadili mkataba wako, omba fedha za marupurupu yako zihesabiwe upya pamoja na za timu nzima. Itakugharimu, na usitegemee kwamba wote watafurahi. Wazungu wenzako watakuwa wa kwanza kununa.

Mkutanoni, hesabu dakika. Nani kasema kwa muda gani, na wazo la nani limeandikwa kwenye muhtasari kwa jina la nani. Mara nyingi dada mmoja anasema jambo, kimya. Robo saa baadaye mgeni analisema kwa Kiingereza chepesi, wote wanatikisa vichwa. Ukiwa wewe ndiye huyo mgeni, limalize palepale kwa kutaja jina lake na kumrudishia neno. Na kama mkutano una watu kumi na mmoja wanaojua Kiswahili na mmoja asiyejua, uendeshwe kwa Kiswahili, huyo mmoja atafsiriwe. Umejifunza lugha hii. Itumie kupendekeza hivyo. Nimeona maafisa wenye akili kali wakikaa kimya mwaka mzima kwa sababu tu mkutano uliendeshwa katika lugha ya mgeni mmoja.

Kwa mtafiti: aliyekutafutia wahojiwa, akakutafsiria mahojiano na kukueleza maana yake amefanya kazi ya kitaaluma. Jina lake likae miongoni mwa waandishi. Shukrani za mwishoni, kando ya jina la dereva na la mwenye nyumba ya wageni, hazitoshi. Mkubaliane hilo kabla ya kwenda kijijini, kwa maandishi.

Kuhusu picha nitakuwa mfupi. Usipige picha ya mtoto wa mtu ambaye ungeulizwa na polisi kama ungempiga kwenu. Mwombe mzazi, mwonyeshe picha, mweleze itakwenda wapi, na akisema hapana usimwongezee pipi mtoto.

Mwisho, kiti chenyewe. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Watanzania. Katika ofisi nyingi ni karatasi ya kupatia kibali tu. Omba kuuona wa kwako. Jina la atakayekurithi limeandikwa? Anafundishwa nini mwezi huu? Anasaini nini? Kama baada ya miaka mitatu bado wewe ndiye pekee unayezungumza na wafadhili, hujarithisha kitu. Mweke yeye kwenye simu ya wafadhili, nawe ukae kando, unyamaze hata akikosea kidogo, kama ulivyokosea wewe ukavumiliwa.

Wapo waliofanya hivyo kabla yako. Trevor Huddleston, padri Mwingereza, aliishi Sophiatown, Johannesburg, akipinga ubaguzi waziwazi mpaka alipoitwa kurudi kwao, akaondoka mwaka 1956. Tarehe 26 Juni 1959 alisimama jukwaa moja na Julius Nyerere mjini London, kwenye mkutano uliozindua mgomo wa kutonunua bidhaa za Afrika Kusini, na hapo ndipo lilipochipuka vuguvugu la kupinga ubaguzi la Uingereza. Mwaka uliofuata alikuja kuwa askofu wa Masasi. Alipoondoka mwaka 1968, kiti kilishikwa na Mtanzania, Hilary Chisonga. Naye Huddleston aliendelea na mapambano akiwa kwao, mahali ambapo sauti yake ilikuwa na kazi zaidi.

Hatua ya sita: sema pale tusipokuwepo

Mbele yetu karibu kila mtu ni mwema. Kazi yako kubwa iko mezani ambapo sisi hatukukaribishwa: chakula cha jioni cha wageni, kundi la WhatsApp la wakazi wa kigeni, simu ya Jumapili na wazazi. Hapo ndipo inaposemwa kwamba wafanyakazi wa hapa hawaaminiki, kwamba "wao" hawana haraka, kwamba dada wa kazi akipewa mshahara mzuri ataharibika. Usicheke hata kwa adabu. Uliza tu, "Una maana gani?" na umwache aeleze mpaka asikie mwenyewe anachosema. Akiendelea, sema, "Mimi sikubaliani," utaje jambo moja unalolijua kwa hakika. Hutashinda kila mara. Lakini kijana aliyekaa mwisho wa meza, aliyefika juzi, atakuwa amesikia kwamba si wazungu wote wanasema hivyo.

Waulize nao wanamlipa dada wa kazi kiasi gani, ana mkataba, ana siku ya mapumziko? Sisi tukiuliza tunaonekana wachochezi.

Ukirudi kwenu, urafiki usiishie uwanja wa ndege. Mwandikie mwenzako barua ya mwaliko ya viza, yenye maelezo kamili ya atakapolala na nani atamlipia nini. Mpokee. Akiitwa kando pale uhamiaji, mngoje hata ikichukua saa nne. Na kura yako huko, inayogusa viza, wakimbizi na misaada, ni yako peke yako; sisi hatunayo.

Mwaka 1958 na 1959 Tanganyika ilipiga kura ya ajabu. Kila jimbo lilichagua wabunge watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, kana kwamba Wazungu takriban 20,000 walikuwa na uzito sawa na Waafrika zaidi ya milioni nane. Mkutano wa TANU, chama kilichopigania uhuru, uliofanyika Tabora Januari 1958, uliamua kuingia kwenye uchaguzi huo hivyohivyo, na uamuzi ule unaitwa mpaka leo Uamuzi wa Busara. Ikabidi wapatikane Wazungu wa kuungwa mkono na TANU. Lady Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba upande wa Iringa, alikuwa mmoja wao. Derek Bryceson mwingine. Walikalia viti ambavyo mfumo uliwapa kwa rangi yao, wakavitumia kuuondoa mfumo huo. Na ukidhani haya yote ni chuki dhidi ya wazungu, kumbuka Oktoba 1961: baadhi ya wabunge walipotaka uraia uwe wa Waafrika tu, Nyerere alisimama bungeni akapinga kwa ukali, akawa tayari kujiuzulu. Aliyepinga upendeleo wa rangi moja hakutaka kuupanda wa rangi nyingine.

Utakosea. Utaambiwa, pengine kwa ukali, na mtu aliyechoka siku hiyo. Jibu la kwanza liwe "asante", la pili liwe kurekebisha. Nia yako ieleze ukiulizwa. Usimtafute mwenzako wa tatu akuambie kwamba wa kwanza amekuonea.

Kwetu sisi tulioshika geti

Sasa ndugu zangu. Nani alimwita mzungu mbele ya watu tisa? Nani alimwinua mama mwenye ndoo? Sisi. Tunasema "mgeni njoo mwenyeji apone", na ukarimu wetu ni mzuri, siutaki ufe. Lakini mgeni kutoka Kigoma akifika na mfuko wa rambo hatumpi meza kuu. Mtanzania mwenzetu akifika hotelini anaulizwa kama ana uwezo wa kulipa. Na ndani ya nyumba zetu tunamsifu mtoto kwa weupe wake, tunanunua mkorogo, tunamtania mwenye ngozi nyeusi sana mpaka anajichukia. Mzungu hayupo chumbani tunapofanya hayo.

Tunaweza kuanza na kidogo. Ofisini, meneja aandike agizo moja: wakikaguliwa, wakaguliwe wote. Mtoto wako akimwamkia kijana wa kizungu shikamoo na kumpita mzee wa kufagia barabara, mrudishe akamwamkie mzee. Na mkuu akikukaripia kwa kumchelewesha mgeni, mwonyeshe utaratibu ulioandikwa ukutani, maana usipoandikwa atakushinda.

Zahanati moja ya jirani zetu ilifanya hivyo. Nesi wa mapokezi alikata maboksi ya dawa, akaandika namba kwa kalamu nene nyekundu, 1 mpaka 60, akazitundika kwenye msumari mlangoni. Kila anayeingia anachukua yake. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda pale na homa mwezi uliopita. Akachukua 31. Dirishani walikuwa wanamhudumia wa 12. Nesi alimtazama, akatazama kadi yake, akamwonyesha nafasi kwenye benchi, kati ya bibi mmoja na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Wakasogea kidogo, akakaa.